Miiba ya Ngege

Kila Ijumaa, jikoni kwetu Walukuba,
umeme umekatika, mshumaa juu ya kifuniko cha kopo,
niliipapasa nyama ya ngege kama kipofu asomaye:
nikatoa mwiba mkubwa, nikatoa mdogo,
na ule mwembamba kama ukope, ujifichao karibu na mkia.
Balikowa akafungua kinywa. Alikuwa na miaka miwili.
Alikuwa na miaka saba.
Alikuwa na miaka kumi na mitatu,
sauti imeanza kukwaruza, na bado nilichambua.

Msinihukumu upesi.
Kabla yake nilizika watatu kule Bugembe,
wa mwisho hata jina hatukuwahi kumpa.
Huyu alipolia, nilisikia wanne.

Sakafu ilipomwangusha, niliichapa sakafu.
Mbaya wewe! Umemwumiza mwanangu!
Akacheka, machozi bado mashavuni.
Nikachapa kizingiti, nikachapa mguu wa meza,
nikamchapa kwa maneno mwalimu Muwumba
aliyempa ishirini na nane ya hesabu,
mpaka karatasi ikarudi na hamsini.
Kwenye ludo, dadu ikiniletea sita,
niliifunika kwa kiganja, nikasema: moja.
Baiskeli ya baba yake ilikuwa ya kazi;
mtoto aliitaka siku ile ile, akaipata,
na Kirunda akaenda kiwandani kwa miguu mwezi mzima
bila kunitazama.

Nangobi wa jirani alinitupia methali juu ya ua:
mchelea mwana kulia, hulia yeye.
Nikamjibu: wewe umezika wangapi?
Akanyamaza. Nilidhani nimeshinda.

Kisha bweni, Kamuli.
Simu ya matroni, saa tatu usiku:
mtoto hali siku za samaki.
Mtoto amefungwa bao moja tu uwanjani,
amejifungia chooni hadi kengele ya jioni.
Mtoto anaupiga ukuta ngumi,
halafu anasimama, kana kwamba anausubiri uombe radhi.
Anaogopa, mama, na anaona haya kwa kuogopa.
Mpe simu, nikasema.
Alipumua tu, mpaka nikadhani salio limekwisha.
Halafu: "Mama, huku hakuna anayeichapa sakafu."

Siku ya wazazi nilibeba ngege wa kukaanga ndani ya gazeti,
na viazi vitamu, Nangobi alinipa bila neno.
Tukakaa kwenye nyasi nyuma ya jiko la shule.
Vidole vyangu vilikwisha kuzama ndani ya nyama
aliponikamata kifundo cha mkono.
Hakunikamata kwa upole.
"Kwa nini hukuwahi kuniambia samaki wana miiba?"

Nilikuwa na majibu. Makaburi matatu ya majibu.
Nikamsogezea sahani,
nikaikalia mikono yangu yote miwili.

Alimtazama yule ngege
kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.
Akatoa mwiba mmoja, akauweka ukingoni.
Wa pili ukamkatikia, akatukana chini chini;
nikajifanya naangalia bendera.
Ule wa mkiani akaukosa.

Nilimwona akikaza shingo. Macho yakajaa.
Mikono yangu ikapiga kelele chini yangu.
Akanitazama, nami sikuinuka,
wala sijui kama huo ulikuwa upendo
au woga wa aina nyingine.
Akajimegea kiazi, tonge kubwa,
akalimeza bila kulitafuna,
akakohoa,
akafuta pua kwa mkono wa shati
na kumrudia samaki wake.

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.
Sikuvitoa.